Wanyama Wengi, Lugha Moja: Uanuwai na Uwakilishi katika Filamu ya Katuni ya Kijapani *Momotaro: Umi no Shinpei* (1945)

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya uanuwai wa wahusika na uwakilishi wa watu katika filamu ya katuni ya watoto, *Momotaro: Umi no Shinpei*, iliyoanza kuonyeshwa nchini Japani mwezi Aprili 1945. Filamu hiyo imejaa wahusika wa maumbo na asili mbalimbali wanaoshirikiana kwa furaha. Hata hivyo, ilitengenezwa kwa fedha za Wizara ya Jeshi la Majini, na kazi yake ilikuwa kuhalalisha ukaliaji wa visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia. Hoja kuu ya makala ni kwamba wingi wa wahusika tofauti hauthibitishi uwakilishi. Kigezo cha msingi zaidi ni mgawanyo wa lugha: nani anaonyeshwa akiwa nayo, nani anaonyeshwa akiikosa, na nani anamfundisha mwenzake. Makala yanafuatilia pia urithi wa filamu hiyo katika kazi ya Tezuka Osamu, *Jungle Taitei*, ambayo mandhari yake ni Afrika, na kuhitimisha kwa mazingatio yanayohusu sera ya vipindi vya watoto katika lugha ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa uwakilishi katika filamu za watoto mara nyingi huanza kwa kuhesabu. Huulizwa ni wahusika wangapi wa kike waliomo, wangapi ni wa rangi au kabila fulani, na wangapi wana ulemavu. Hesabu hizo zina manufaa yake, kwa kuwa mtu asiyeonekana kabisa hawezi hata kuanza kuzungumziwa. Lakini historia ya katuni ya Japani inatoa mfano unaoonyesha kwamba hesabu peke yake yaweza kupotosha. Filamu ndefu ya kwanza ya katuni katika nchi hiyo ina wahusika wa aina nyingi kuliko filamu nyingi zilizoifuata. Wahusika hao hawabaguani waziwazi, hawatukanani, na hufanya kazi bega kwa bega. Mtazamaji asiyejua ilitengenezwa lini na kwa nini anaweza kuisifu kama funzo la umoja.

Filamu hiyo ni *Momotaro: Umi no Shinpei*, jina linaloweza kufasiriwa kuwa “Momotaro: Askari Watukufu wa Bahari”. Iliongozwa na Seo Mitsuyo katika kampuni ya Shochiku, ina urefu wa dakika 74, na ilianza kuonyeshwa tarehe 12 Aprili 1945, miezi minne kabla ya Japani kusalimu amri. Makala haya yanaisoma filamu hiyo kwa kuilinganisha na historia ya watu inaodai kuwaonyesha. Ulinganisho huo unabainisha kwamba kilichofichwa na picha ya umoja ni jambo moja mahususi: watu wa visiwa hivyo walikuwa na lugha, maandishi na shule zao kabla askari wa Japani hawajatua.

2.0 Ngano ya Momotaro na Safari Yake hadi Vitani

Momotaro ni shujaa wa ngano mashuhuri ya Kijapani. Mzee na mkewe wasio na mtoto wanapata tunda kubwa la pichi likielea mtoni, na ndani yake anatoka mtoto wa kiume. Anapokua, anaondoka kwenda kupigana na mazimwi wanaoishi kisiwani. Njiani anakutana na mbwa, nyani na ndege wa jamii ya kwale, anawagawia vitonge vya mtama, nao wanakuwa wafuasi wake. Mazimwi yanashindwa, na Momotaro anarejea nyumbani na hazina yao.

Muundo wa ngano hii ulifaa sana kwa matumizi ya kisiasa. Kuna kiongozi mmoja ambaye ni binadamu, kuna wafuasi wa aina mbalimbali ambao ni wanyama, na kuna adui ng'ambo ya bahari ambaye hana haki yoyote ya kusikilizwa. Mwanahistoria John Dower, katika utafiti wake wa mwaka 1986 kuhusu ubaguzi wa rangi katika Vita vya Pasifiki, alionyesha jinsi Momotaro alivyogeuzwa kuwa kielelezo cha Japani yenyewe: nchi changa, safi na yenye asili ya kimungu, inayoongoza mataifa mengine ya Asia dhidi ya mazimwi ya Magharibi. Katika kielelezo hicho kila taifa lilikuwa na mahali pake panapostahili, na mahali pa Japani palikuwa juu.

Jeshi la Majini lilitambua mapema nguvu ya kielelezo hicho kwa watoto. Mwaka 1943 Seo alitengeneza *Momotaro no Umiwashi*, filamu ya dakika 37 iliyoonyesha shambulio la Pearl Harbor kama uvamizi wa kisiwa cha mazimwi. Ndani yake anaonekana baharia mlevi anayefanana na Bluto, adui wa Popeye katika katuni za Marekani. Filamu ya 1945 ilikuwa kazi kubwa zaidi. Ilitungiwa muziki na Koseki Yuji, mtunzi mashuhuri wa nyimbo za vita, na iliegemea tukio la kweli: kutua kwa askari wa miavuli wa Jeshi la Majini huko Manado, kaskazini mwa kisiwa cha Celebes, ambacho sasa huitwa Sulawesi, tarehe 11 Januari 1942.

3.0 Kisiwa Kisicho na Lugha

Filamu inaanza kijijini, chini ya Mlima Fuji, ambako mabaharia wanne wako likizoni: nyani, mbwa, dubu na ndege. Wanasalimia wazazi, wanacheza na wadogo zao, na mtoto mmoja anaokolewa mtoni. Sehemu hii ni ya upole na imechorwa kwa ustadi mkubwa. Wahusika hawa wana majumbani kwao, wana jamaa, na wana kumbukumbu.

Kisha mandhari inahamia katika kisiwa cha kusini ambacho hakitajwi jina. Wanyama wa porini, wakiwamo tembo na nyani wenye pua ndefu, wanafyeka msitu na kujenga uwanja wa ndege kwa ajili ya wageni wao. Hakuna anayewalazimisha na hakuna anayechoka. Tofauti na mabaharia wa kijijini, wanyama hawa hawana majina, hawaonyeshwi kwao, na hawana historia inayotokana na vinywa vyao wenyewe. Kutotajwa kwa kisiwa nako kuna maana. Mahali pasipo na jina panaweza kusimama badala ya *Nan'yo* yote, yaani Bahari za Kusini, neno ambalo Wajapani wa zama hizo walilitumia kwa eneo kubwa lenye mamia ya jamii.

Tukio linalokumbukwa zaidi ni la shule. Askari anasimama mbele ya wanyama wa kisiwa na kuwafundisha Kijapani. Mwanzoni kinachosikika ni mchanganyiko wa milio na kelele zisizoeleweka, na darasa linavurugika. Ndipo muziki unapoanza, na silabi za Kijapani zinageuzwa kuwa wimbo unaoanzia kwenye irabu *a, i, u, e, o*. Kila mnyama anaimba. Wimbo unaendelea wakati wanyama wakifua, wakipika na kubeba mizigo, hata darasa na kazi ya kambi vikawa kitu kimoja.

Msomaji wa Kiswahili ataitambua nguvu ya tukio hili kwa urahisi, kwa kuwa irabu za Kijapani ni tano, zilezile ambazo mtoto wa darasa la kwanza katika Afrika Mashariki huzikariri kwa mpangilio tofauti kidogo. Kukariri irabu kwa wimbo ni njia nzuri ya kufundisha, na furaha ya tukio si ya bandia. Tatizo ni kile kilichotangulia wimbo. Ili somo lionekane kuwa zawadi, ilibidi kwanza wanafunzi waonyeshwe kuwa hawana lugha yoyote. Milio yao ndiyo iliyowekwa mahali pa Kimalei, Kibugisi, Kimakasar na lugha nyingine nyingi za visiwa hivyo.

4.0 Celebes ya Historia

Picha ya kisiwa kisicho na lugha inapolinganishwa na Celebes yenyewe, ukubwa wa ufutaji huo unadhihirika. Kusini mwa kisiwa hicho, Wabugisi na Wamakasar walikuwa na hati yao ya lontara, waliyoitumia kuandikia tarehe za wafalme, sheria na fasihi. Utenzi wao mkubwa, *La Galigo*, ni miongoni mwa kazi ndefu kabisa za fasihi duniani. Kaskazini, katika eneo la Minahasa ambako askari wa miavuli walitua, shule za wamisionari zilikuwa zimeenea tangu karne ya 19, na wakazi wake walihesabiwa kuwa miongoni mwa watu waliosoma zaidi katika koloni lote la Wadachi.

Zaidi ya hayo, swali la lugha ya umoja lilikuwa limekwisha kujibiwa na wenyeji wenyewe. Tarehe 28 Oktoba 1928, vijana kutoka visiwa mbalimbali walikutana katika mji ambao sasa ni Jakarta, wakaapa kuwa na nchi moja, taifa moja, na kuiheshimu lugha ya umoja, Kiindonesia. Hayo yalitokea zaidi ya miaka 13 kabla ya ndege za Japani kufika Manado.

Utawala wa Japani wenyewe ulilazimika kuukubali ukweli huo. Kidachi kilipopigwa marufuku, Kijapani hakikuweza kushika nafasi yake kwa haraka, ijapokuwa kilifundishwa shuleni kwa lazima. Lugha iliyoweza kuendesha ofisi, magazeti na redio ilikuwa Kiindonesia. Mwezi Oktoba 1942 iliundwa Tume ya Lugha ya Kiindonesia, ambayo katika muda mfupi ilisanifu maelfu ya istilahi. Kwa hiyo, wakati wasanii wa Tokyo wakichora wanyama wanaopokea lugha kwa mara ya kwanza, wataalamu wa Java walikuwa mezani wakiunda istilahi za sheria na sayansi katika lugha yao wenyewe.

Madai ya ukombozi nayo yanahitaji kupimwa. Filamu ina sehemu fupi iliyotengenezwa kwa mtindo wa vivuli, inayosimulia jinsi wafanyabiashara wa Kizungu walivyofika kwa hila na kuwanyang'anya wenyeji ufalme wao, pamoja na utabiri kwamba wakombozi wangetokea mashariki wakiwa wamepanda farasi weupe. Kuhusu ukoloni wa Ulaya, sehemu hiyo inasema kweli nyingi: huko Makassar, mkataba wa Bongaya wa mwaka 1667 ulikuwa mwanzo wa kuvunjwa kwa dola iliyokuwa na nguvu baharini. Lakini tarehe 31 Mei 1943, mkutano mkuu mbele ya Mfalme wa Japani ulikuwa umeamua kwa siri kwamba Malaya, Sumatra, Java, Borneo na Celebes zingekuwa milki ya Japani. Ahadi ya uhuru wa baadaye kwa Indonesia ilitolewa Septemba 1944, vita vilipokuwa vimeigeukia Japani. Katika kipindi hichohicho wanaume wengi, hasa wa Java, walichukuliwa kufanya kazi za shuruti wakiitwa *romusha*, na wengi wao hawakurudi. Uwanja wa ndege uliojengwa kwa nyimbo katika filamu ulikuwa, katika maisha ya watu hao, kazi ya njaa na maradhi.

5.0 Adui Mwenye Pembe

Wahusika wenye sura ya binadamu katika filamu hii ni wachache: Momotaro upande mmoja, na maadui wa Kizungu upande wa pili. Maadui hao wana pembe kichwani kama mazimwi ya ngano. Katika tukio la kusalimu amri wanatetemeka na kubabaika, wakijaribu kujadiliana kwa Kiingereza, huku Momotaro akidai wajisalimishe bila masharti.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. Kwanza, mtawala wa kikoloni wa Celebes alikuwa Mdachi, si Mwingereza. Tukio la kusalimu amri linafuata mfano wa Singapore, ambako Jenerali Percival alijisalimisha kwa Jenerali Yamashita tarehe 15 Februari 1942. Historia mbili tofauti zimeunganishwa, na wenyeji wa kila sehemu wamepotea katika muungano huo. Pili, adui, pamoja na kudhalilishwa kwake, amepewa lugha halisi. Kiingereza chake kinasikika na kueleweka. Mkoloni aliyechukiwa ametambuliwa kuwa msemaji, ilhali mwenyeji anayedaiwa kukombolewa ameachiwa milio. Katika ngazi ya filamu hii, adui yuko karibu zaidi na utu kuliko rafiki.

Mwisho wa filamu unawarudisha watazamaji kijijini. Wanyama watoto wanacheza mchezo wa askari wa miavuli, wakiruka kutoka mtini na kutua juu ya ramani ya Marekani iliyochorwa ardhini. Mtoto wa Kijapani aliyekuwa ukumbini alikuwa ameonyeshwa kazi yake ya kesho.

6.0 Urithi: Tezuka Osamu na Msitu wa Afrika

Watoto walioiona filamu hiyo wakati ule hawakuwa wengi. Miji mikubwa ilikuwa imeteketezwa kwa mabomu mwezi Machi 1945, na wanafunzi wengi walikuwa wamehamishiwa mashambani. Lakini mtazamaji mmoja alibadilisha historia ya sanaa hiyo. Tezuka Osamu, aliyekuwa na umri wa miaka 16, aliiona Osaka siku ya kwanza ya maonyesho. Aliguswa hadi kutokwa na machozi, akaazimia kwamba siku moja naye angetengeneza katuni. Kilichomvutia ni upole na ndoto alizoziona chini ya vazi la vita.

Mwaka 1950 Tezuka alianza kuchapisha hadithi ya picha iitwayo *Jungle Taitei*, yaani “Mfalme wa Msituni”, iliyoendelea hadi 1954. Mwezi Oktoba 1965 ilianza kuonyeshwa kama mfululizo wa kwanza wa katuni za rangi katika televisheni ya Japani, na mwaka 1966 ikatolewa filamu yake, iliyotunukiwa tuzo huko Venice mwaka uliofuata. Mhusika mkuu ni Leo, simba mweupe. Katika hadithi ya picha, anazaliwa safarini, mama yake akiwa mfungwa melini, na kulelewa miongoni mwa binadamu kabla ya kurejea Afrika. Huko anawafundisha wanyama kilimo, amani na lugha ya watu. Katika mfululizo wa televisheni umo wimbo wa *a, i, u, e, o* uliotungwa kwa kuukumbuka ule wa 1945.

Ni haki kusema kwamba Tezuka aliubadilisha urithi huo kwa kina. Bendera, bunduki na Momotaro mwenyewe wameondolewa, na lengo la somo si tena kazi ya kambi bali kuishi bila kuuana. Hata hivyo, mpangilio wa darasa umebaki. Mwalimu anatoka nje, au amelelewa nje. Wanafunzi ni wa porini. Na kabla ya mwalimu kufika hakukuwa na neno. Mahali pa visiwa vya kusini pamechukuliwa na Afrika, pamoja na Mlima Mwezi, jina linalorejea Milima ya Mwezi ya wanajiografia wa kale, ambayo wengi huihusisha na Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Waafrika wenyewe, wanapoonekana katika hadithi ya picha, wamechorwa kwa midomo mikubwa na mavazi ya majani, kwa mtindo uliozoeleka katika katuni za Marekani na Ulaya. Mfululizo wa televisheni ulianza wakati Tanganyika, Uganda na Kenya zilikuwa zimekwisha kupata uhuru, na Kiswahili kilikuwa kimetumika majukwaani katika kuudai.

Suala hilo lilizuka hadharani Japani baada ya kifo cha Tezuka mwaka 1989, pale makundi ya wananchi yalipolalamikia michoro ya watu weusi katika vitabu vyake. Wachapishaji waliamua kutobadilisha kazi za marehemu, bali kuambatanisha tamko kwa wasomaji linaloeleza mazingira ya wakati ule na kukiri kwamba baadhi ya michoro inaweza kuwaumiza watu. Filamu ya 1945 nayo, iliyodhaniwa kupotea baada ya vita, iligunduliwa katika ghala la Shochiku, ikaonyeshwa tena mwaka 1984, na baada ya kukarabatiwa kidijitali ikaonyeshwa katika Tamasha la Cannes mwaka 2016. Uamuzi wa kuhifadhi na kueleza, badala ya kufuta, umewapa watafiti ushahidi ambao bila huo mjadala huu usingewezekana. Lakini tamko la mwanzoni mwa kitabu haliwezi kumpa sauti mhusika aliyeumbwa bila sauti. Hilo hufanyika wakati wa kutunga.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba *Momotaro: Umi no Shinpei* ingefaulu kipimo chochote cha kuhesabu aina za wahusika. Inashindwa pale inapoulizwa nani ana jina, nani ana kwao, na nani alikuwa na lugha kabla ya mgeni kufika. Maswali hayo hayahitaji gharama wala teknolojia. Yanaweza kuulizwa na mhariri wa vipindi, na mamlaka inayotoa vibali vya filamu, na mfadhili anayesoma muswada wa katuni kabla haijachorwa.

Kwa wapangaji wa sera za Kiswahili, maswali hayo yana uzito wa pekee. Ni rahisi kwa msomaji wa Afrika Mashariki kujiona upande wa wanyama wa kisiwa au wa msitu wa Leo, na ana sababu za kufanya hivyo. Lakini tangu viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipoamua mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, lugha hii inaingia zaidi na zaidi katika nyumba ambazo tayari zina Kiganda, Kirundi, Kinyarwanda, Kimaasai, Kiluo, Kilingala na lugha nyingine nyingi. Katuni za Kiswahili kwa watoto zinaongezeka, nalo ni jambo la heri. Katika katuni hizo Kiswahili ndicho kinachoweza kushika chaki.

Mtoto anayejifunza Kiswahili kwa wimbo hana hasara yoyote, mradi wimbo huo haumwambii kwamba kabla yake alikuwa akilia kama mnyama. Katuni inayomwonyesha mtoto akiuliza jambo kwa lugha ya bibi yake na kulijibu kwa Kiswahili, au mwalimu akijifunza neno kutoka kwa mwanafunzi, haihitaji kupoteza furaha wala mafunzo yake. Inahitaji tu mtunzi anayejua kwamba lugha ya pamoja hujengwa juu ya lugha zilizopo. Vijana wa mwaka 1928 walilijua hilo. Filamu iliyodai kuwakomboa haikutaka kulijua.